Riale ya Bibi na Dola ya Sayyid Said

Nianze kwa kukiri kosa. Nilichukua riale ya bibi yangu, nikaipaka dawa ya meno, nikaisugua kwa mswaki wa zamani mpaka ikang'aa kama sufuria la harusi. Nilidhani naipandisha bei. Mnunuzi mmoja wa vitu vya kale, pale mjini Unguja, aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza mara moja tu, akanirudishia. “Umeisafisha,” akasema. Hakuuliza, alisema. Kisha akaniambia angeweza kuinunua kwa uzito wa fedha yake basi, kama wanavyonunua bangili iliyokatika.

Bibi mwenyewe ndiye aliyenituma. Bati la nyumba yake ya Ng'ambo linavuja, masika mawili sasa, na ile riale aliyopewa na mama yake ndiyo kitu pekee ndani ya nyumba ambacho tulidhani watu wa mjini wangekigombania. Nilimwahidi kurudi na habari njema. Nikarudi na riale inayong'aa na uso unaotaka kujificha.

Jioni ile binamu yangu, aliyekuwa likizo kutoka Maskati, akatoa hoja yake. “We kaka wauza kienyeji! Siku hizi sarafu haiuzwi hivi hivi. Wapelekee wapimaji wa Marekani, wakufungie kwenye plastiki, wakupe alama. Ikipata alama kubwa unajenga ghorofa.” Sote tukacheka, lakini usiku usingizi ulinipaa. Wapimaji gani hao? Alama za nini? Na nani kawapa kazi? Nikaanza kusoma kwa nia moja tu, ya bati, nikajikuta katikati ya historia ambayo sehemu yake nzuri ilipita hapa hapa kwetu.

Maana kupima sarafu si jambo geni pwani. Neno lenyewe sarafu ni ndugu wa neno la Kiarabu la mtu anayebadilisha fedha, saraf, ambalo Waingereza wa India walilichukua wakalitamka kwa ulimi wao, shroff. Kazi ya saraf ilikuwa kukwambia kipande hiki kina fedha halisi kiasi gani. Alikitia kwenye mizani, alikigonga juu ya jiwe akasikiliza mlio, na akiwa na shaka alikikwaruza. Kule India na China wengine walipiga chapa ndogo juu ya sarafu waliyoikubali, ili saraf wa mbele ajue kwamba mwenzake ameshaipitisha. Hicho kilikuwa cheti, kimeandikwa juu ya ngozi ya sarafu yenyewe.

Na watu wa kawaida nao walikuwa na macho yao. Askofu Edward Steere, katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja kilichotoka mwaka 1870, aliorodhesha riale zilizokuwa zikipita mikononi mwa watu. Kulikuwa na riale ya Sham, ambayo ndiyo ile ya Maria Theresa wa Austria. Kulikuwa na riale ya mzinga, ya Wahispania, yenye nguzo mbili ambazo watu wa huku waliziona kuwa mizinga. Kulikuwa na riale Fransa, na riale ya dhahabu, kipande cha Kimarekani cha dola 20. Hebu lionje jina hilo, riale ya mzinga! Mtu hasomi Kilatini, Hispania haijui iko upande gani wa dunia, lakini ana jina linalomtosha kuikubali sarafu au kuikataa sokoni. Sisi tunaojiita waandishi chipukizi tunahangaika mwezi mzima kutafuta jina la hadithi moja.

Riale ya bibi ni ya Sham. Upande mmoja yupo mama mnene mwenye ushungi wa mjane, upande wa pili tai mwenye vichwa viwili, na tarehe: 1780. Nilipoisoma tarehe ile mara ya kwanza moyo ulinidunda. Zaidi ya miaka 240! Nikaanza kuchagua rangi ya ghorofa.

Pole yangu. Maria Theresa alifariki Novemba 1780, lakini wafanyabiashara wa Sham, Arabuni na Uhabeshi walikuwa wameshaizoea sura yake na hawakutaka nyingine. Austria ikaona isiharibu biashara. Wakaendelea kuipiga ile ile, kwa tarehe ile ile, na Vienna wanaipiga mpaka leo. Wala si Vienna peke yake. Mwaka 1935 Mussolini, akijiandaa kuivamia Uhabeshi, alipata mihuri ya kuipigia kutoka Austria, riale za Sham zikaanza kutoka Roma. Waingereza hawakukubali kuachwa nyuma sokoni: London wakaanza kuipiga mwaka uliofuata, kisha Bombay wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha Birmingham baada ya vita. Paris na Brussels nao walipiga zao. Zote zimeandikwa 1780. Zote zina gramu 28 na punje, na sehemu 833 za fedha safi katika kila sehemu 1,000. Jumla yake imepita milioni 300.

Kwa hiyo ukiishika riale ya Sham, kuuliza “ni ya kweli au ya bandia?” hakutoshi. Unatakiwa uulize imepigwa wapi, na karne gani. Jibu limejificha kwenye vitu vidogo mno: jinsi manyoya ya mkia wa tai yalivyopangwa, ukubwa wa kile kipini cha vazi begani, herufi S.F. zilivyokaa chini ya bega. Huko Arabuni na Uhabeshi watu walizihesabu lulu za kipini kile. Zinatakiwa ziwe tisa. Mtu asiyejua kusoma alikuwa na njia yake ya kusoma.

Sasa nikupe habari ya sarafu nyingine yenye tarehe ya uongo, na hii iliingia mikononi mwa mtawala wetu.

Mwezi Septemba 1833, mjini Maskati, Mmarekani aitwaye Edmund Roberts alitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan, yule yule aliyehamishia makao yake Unguja na kuijaza visiwa mikarafuu. Meli za mji wa Salem, Massachusetts, zilikuwa tayari zikija Unguja kutafuta pembe na sandarusi, zikileta kile kitambaa ambacho wazee wanakiita marekani. Lakini mkataba hurudishwa nyumbani ukathibitishwe, na ukishathibitishwa haurudi mikono mitupu. Wakubwa wa Washington wakaamua kwamba miongoni mwa zawadi za Sayyid iwemo seti ya sarafu za nchi yao, tangu nusu senti mpaka dola 10 ya dhahabu, zilizopigwa kwa ufundi wa hali ya juu.

Ikatokea shida. Dola ya fedha ilikuwa haijapigwa kwa miaka 30. Mafundi wa kiwanda cha sarafu cha Philadelphia wakafungua madaftari, wakaona dola za mwisho zilipigwa mwaka 1804, wakachonga mihuri mipya yenye tarehe hiyo. Hawakujua kwamba zile dola za 1804 zilipigwa kwa mihuri iliyobaki, zikatoka na tarehe ya 1803 au ya nyuma zaidi. Umeelewa hapo? Dola yenye tarehe 1804 haikuwahi kuwapo duniani mpaka ilipotengenezwa mwaka 1834, kwa ajili ya Sayyid Said na mfalme wa Siam, Thailand ya leo. Seti nyingine zilikusudiwa Vietnam na Japani, hazikufika.

Roberts alizibeba kwa manowari iitwayo Peacock. Meli ikapanda mwamba karibu na kisiwa cha Masira, Roberts akateremka kwenye mashua kwenda Maskati kuomba msaada, na Oktoba 1835 zawadi zikamfikia mwenyewe. Mwaka uliofuata Roberts akafika Siam, akakabidhi seti ya pili, akaugua na kufia Macau. Sayyid Said, mtu aliyezoea kuona riale za Sham zikiingia forodhani kwa magunia, mimi sidhani alikitazama mara mbili kile kidola. Naye alifariki baharini mwaka 1856, akitoka Maskati kuja Unguja.

Baadaye dola moja ya 1804, nzuri kuliko zote, ikaonekana Uingereza mikononi mwa mkusanyaji wa Liverpool, Charles Watters. Ikauzwa London mwaka 1917, ikavuka bahari kurudi Marekani ilikozaliwa. Wanahistoria wa sarafu wanaamini hiyo ndiyo ya Sayyid Said. Risiti haipo, wanaamini kutokana na ubora wake na njia iliyopitia. Zote pamoja ni chache mno. Nane ni za lile kundi la kwanza, nyingine zilipigwa baadaye, wafanyakazi wa Philadelphia walipoona jinsi wakusanyaji wanavyozililia. Kwa karne nzima watu walibishana dola hizi zimetoka wapi, mpaka mwaka 1962 Eric Newman na Kenneth Bressett walipotoa kitabu chao, The Fantastic 1804 Dollar. Na mwaka huo huo, kama vile hadithi ya kutunga, seti ya mfalme wa Siam ikaibuka London.

Dola ya Sayyid ilipigwa mnada mwaka 1999 kwa dola 4,140,000. Agosti 2021 ikauzwa tena, kwa dola 7,680,000. Imo ndani ya plastiki, na juu ya karatasi iliyomo mle imeandikwa 68. Waliompa namba hiyo ni kampuni moja ya California iitwayo PCGS.

Niliziweka habari hizi mbili sambamba, kichwa kikauma. Dola ya 1804 iliyotengenezwa 1834. Riale ya 1780 iliyotengenezwa pengine siku za Mussolini. Zote mbili zimesema uongo juu ya umri wao, na zote mbili si bandia, zimetoka kwenye viwanda halali vya serikali. Lakini moja inajenga mtaa, nyingine hainunui bati la paa la jiko. Kinachozitenganisha ni uchache, hilo kweli. Lakini kuna la pili: moja ina watu wanaosimama mbele ya dunia na kusema tumeitazama, ni yenyewe, iko hivi. Mnunuzi hamwamini muuzaji, anamwamini huyo wa tatu. Ndiyo maana ukitaka kuchagua kampuni ya kupima sarafu inabidi kwanza umjue huyu wa tatu katoka wapi.

Tuanze na namba. 68 kati ya ngapi? Si 100, ni 70. Nilipojua sababu nilicheka peke yangu.

Zamani wakusanyaji wa Marekani walitumia maneno tu: nzuri, safi, haijatumika. Kila muuzaji na kamusi yake. Sarafu iliyokuwa safi wakati anauza ilikuwa chakavu wakati ananunua. Mwaka 1949 bwana mmoja aitwaye William Sheldon akachapisha kitabu juu ya senti kubwa za shaba za Marekani, na ndani yake akapendekeza namba. Senti iliyokwisha kabisa, inayotambulika kwa taabu, ipewe 1. Ile iliyo kama ilivyotoka kiwandani ipewe 70. Kwa nini 70? Kwa sababu katika soko la senti za mwaka 1794, alizoanzia hesabu zake, iliyo bora iliuzwa kama mara 70 ya ile mbovu. Kumbe alama ilikuwa bei! Soko likabadilika, hesabu ikavunjika, namba ikabaki. Leo mtu wa Tokyo na wa Nairobi wanapimiwa sarafu zao kwa bei za senti za kabla ya 1949. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu isiyotumika, chini yake ni iliyopita mikononi mwa watu.

Na huyu Sheldon alikuwa nani? Mwanasaikolojia. Umaarufu wake mwingine ulitokana na kuwapima binadamu. Alikusanya picha za wanafunzi wa vyuo wakiwa uchi, akawapa namba kuanzia 1 mpaka 7 kufuatana na maumbo yao, akidai umbo la mtu linaonyesha tabia yake. Sayansi ilishaitupa nadharia ile. Namba za sarafu hazikutupwa. Subiri, bado. Alifariki mwaka 1977, na baadaye ikagundulika kwamba alikuwa amechomoa senti bora kutoka kwenye hazina ya American Numismatic Society ya New York, akaweka zake mbovu mahali pake. Basi huyo ndiye aliyetuachia rula.

Mwaka 1972 chama cha wakusanyaji, American Numismatic Association, kilifungua ofisi ya kuthibitisha sarafu iliyoitwa ANACS, maana bandia zilikuwa zimezidi. Mwanzoni ilisema tu hii ya kweli, hii ya bandia. Mwaka 1979 ikaanza kutoa na alama, kwenye karatasi yenye picha. Udhaifu unaonekana: karatasi ni kitu kimoja, sarafu kitu kingine, na vikishaachana kila kimoja kinaweza kutafutiwa mwenzi mpya.

Dawa ya hilo ilipatikana mwaka 1986, pale David Hall na wafanyabiashara wenzake walipoanzisha PCGS, yaani Professional Coin Grading Service. Sarafu inatazamwa na zaidi ya mtu mmoja, kila mmoja peke yake, bila kujua ni ya nani. Kisha inafungiwa pamoja na alama yake ndani ya kasha la plastiki lililounganishwa moja kwa moja. Kuitoa ni kuvunja. Kampuni inadhamini alama yake kwa fedha. Mwaka 1987 ikafuata NGC, ambayo makao yake siku hizi yako Florida. Hizi mbili ndizo zilizoshika soko. ANACS bado ipo, ingawa chama kiliiuza mwaka 1990, na ICG ilizaliwa mwaka 1998.

Mwanzo ulikuwa wa raha mno. Sarafu ikawa kama hisa: unaweza kuinunua kwa simu, huijui sura yake, unajua namba tu. Mabwana wa Wall Street wakaunda mifuko ya kuwekeza kwenye sarafu zilizofungwa, bei zikapaa, na kuanzia 1989 zikaporomoka. Mwaka 1990 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara, FTC, ikaibana PCGS kuhusu matangazo yaliyodai kwamba upimaji wake hauyumbi, na jambo likaisha kwa makubaliano. Maana unayumba. Ukazuka mchezo wa watu kuvunja kasha lenye 64 na kuituma sarafu upya wakitumaini 65, kwa kuwa kwenye sarafu adimu alama moja ni maelfu ya dola. Sarafu ile ile, ofisi ile ile, siku tofauti, jibu tofauti. Mwalimu gani wa insha asiyelijua hilo?

Mwaka 2007 ikaja CAC, ya John Albanese, huyo huyo aliyeianzisha NGC. Kazi yake ilikuwa kutazama sarafu zilizokwisha kufungwa na kubandika kibandiko cha kijani juu ya kasha kama imeridhika na alama. Yaani cheti cha cheti. Na tangu 2023 nayo inafunga makasha yake. Karibu na wakati ule ule, mwaka 2008, makasha bandia yakaanza kuonekana sokoni, mengi yakitokea China: plastiki ya bandia, karatasi ya bandia, ndani yake sarafu ya bandia. Ndiyo maana ukiuziwa sarafu iliyofungwa, kitu cha kwanza ni kuichukua ile namba ya cheti na kuitafuta kwenye rejista ya kampuni yenyewe, ulinganishe na picha kama ipo.

Turudi kwenye bati. Nilikaa na daftari nikajiuliza: kama ni lazima, nipeleke wapi?

Swali nililoanza nalo lilikuwa kampuni ipi ni kali zaidi au ina haki zaidi, na nililitupa. Swali la kwanza ni nani atainunua. Alama haina thamani mpaka mnunuzi aiheshimu, na wanunuzi wana makabila yao. Mwenye sarafu ya Kimarekani hutazama PCGS kwanza. Sarafu za nchi nyingine, zikiwemo zetu, utazikuta kwa wingi ndani ya makasha ya NGC, ingawa PCGS nayo inazipima. Wakusanyaji wengi wa Ulaya hawaipendi plastiki kabisa, wanataka kuishika sarafu, waisikie uzito. Na ziko kampuni za uchochoroni zenye majina yanayofanana na ya wakubwa, zinazogawa 70 kama pipi za maulidi. Kasha la namna hiyo mnunuzi mzoefu analihesabu kuwa ni bahasha tu.

Swali la pili ni kama sarafu inaweza kubeba gharama zake. Kuna ada ya kupima, kuna posta ya kwenda na kurudi, kuna bima, kuna ushuru ukizubaa kwenye fomu. Kutoka Dar au Unguja hesabu inafika makumi ya dola kwa kipande kimoja kabla hujaonja faida. Kuna sarafu zetu zinazostahili. Ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 wakati Wajerumani wamezingirwa na hawapati fedha kutoka kwao, ilitoka vipande 16,000 na kidogo tu, na bandia zake zinatembea. Mwenye nayo asimsikilize mtu wa kijiweni, aipeleke ikathibitishwe. Riale ya Sayyid Barghash ya mwaka 1299 Hijria, vivyo hivyo. Lakini heller ya tundu, senti kumi ya Mfalme George, riale ya Sham ya karne ya 20? Utalipa zaidi ya inavyouzwa.

La tatu lilinichoma. Kampuni hizi zikikuta sarafu imesuguliwa haziipi namba. Zinaandika kwamba ni halali, kisha zinaandika kasoro yake: imesafishwa. Na unalipa ada vilevile. Ngozi ya sarafu isiyoguswa ina mistari midogo sana iliyoachwa na chuma wakati wa kupigwa, na mwanga huizunguka ukiigeuza. Dawa ya meno ina mchanga laini ndani yake. Weusi wa fedha unaotokana na miaka, ule nilioudhani uchafu, mkusanyaji anautaka. Nilikuwa nimeingia gharama ya kuifanya iwe ndogo.

Nikaipeleka kwa sonara wa mtaani, mzee wa Kihindi, akaitia kwenye mizani: gramu 28 kamili, kwa kuwa imelika kidogo. Nikahesabu lulu kwa kioo chake cha jicho moja. Tisa. Tukautazama mkia wa tai pamoja, tukaulinganisha na picha nilizokuwa nazo. Kwa macho yetu, si ya Vienna. Yaelekea ni ya Waingereza, basi ilifika Unguja wakati mama yake bibi ni mtu mzima. Sonara hakutaka malipo. Alisema siku hizi wanaletewa za kuyeyusha, haoni mtu anayekuja kuuliza.

Jioni nikaenda Ng'ambo.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mjukuu wangu. Wamesemaje?”

Nikamweleza yote, ya Sayyid Said, ya mfalme wa Siam, ya Wamarekani na makasha yao. Nikamwambia dola ya Sayyid ilipata 68.

“Sitini na nane ya nini?”

“Ya uzuri, bibi. Mwisho wake 70.”

“Na hii yangu?”

“Hii hawaipi namba. Watasema ni ya kweli lakini imesafishwa.”

“Kaisafisha nani?”

Mvua ilikuwa imeanza. Nilisikia tone la kwanza likiangukia kwenye ndoo ya jikoni. “Mimi, bibi.”

Hakunigombeza. Alinyoosha mkono, akaichukua, akaipitishia kidole gumba usoni kote, maana macho yake hayaoni tena vitu vidogo. Kisha akainama akaigonga kwenye sakafu ya saruji, mara moja, akatega sikio. Ililia kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

“Yenyewe,” akasema. Akaifunga kwenye pindo la kanga.

Bati tumenunua sita, kwa mchango wangu na wa binamu wa Maskati. Upande wa jikoni bado tunaweka ndoo.